Mshipa wa Damu si Bomba

Mwanafunzi wa sekondari hukutana na jeni mara mbili tu katika somo la Biolojia. Mara ya kwanza huambiwa kwamba jeni zimo katika kromosomu, na kromosomu zimo katika kiini cha seli. Mara ya pili huchora miraba ya Mendel, akahesabu mbaazi ndefu na mbaazi fupi, kisha akafunga daftari. Kuhusu mishipa ya damu nako hali ni hiyo hiyo. Huchora ateri, vena na kapilari, akaandika kwamba hii ina ukuta mnene na ile ina vali, akaendelea na sura nyingine. Basi hutoka shuleni akiamini mambo mawili. La kwanza ni kwamba jeni ni hati ya urithi iliyofungwa siku ya kutungwa mimba, isiyofunguliwa tena mpaka siku ya kurithisha. La pili ni kwamba mshipa wa damu ni bomba, na bomba lililoziba likizibuliwa shauri limekwisha.

Ni maoni yangu kwamba imani zote mbili ni potofu, kwamba madhara yake yanafika nje ya chumba cha mtihani, na kwamba sisi walimu tunao uwezo wa kuzirekebisha bila gharama kubwa. Nitayaeleza hayo kwa kutumia jambo moja tu, nalo ni yale yanayotendeka katika ukuta wa mshipa wa damu pale damu inapokatika kwa muda kisha ikarudi.

Hatari iliyomo katika kurudi kwa damu

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mji wa London ulipigwa mabomu usiku baada ya usiku, kuanzia Septemba 1940 hadi Mei 1941. Watu wengi walifukiwa na vifusi vya nyumba zao. Mwaka 1941 wataalamu Eric Bywaters na Desmond Beall walieleza habari za wagonjwa wanne waliotolewa vifusini baada ya miguu au mikono yao kubanwa kwa saa nyingi. Walipofikishwa hospitali hali yao haikuonekana kuwa mbaya sana. Lakini baada ya uzito kuondolewa na damu kurudi, kiungo kilivimba, nguvu za mwili zikaanguka, figo zikaacha kufanya kazi, na baada ya siku kadhaa wagonjwa wakafa. Figo zao ziliumizwa hasa na vitu vilivyotoka katika misuli iliyokufa na kuchukuliwa na damu iliyorudi. Jambo la kukumbuka hapa ni mpangilio wa matukio: maafa hayakuonekana wakati wa kubanwa, yalionekana baada ya kuachiliwa.

Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Robert Jennings, pamoja na wenzake, walichunguza mioyo ya mbwa ambayo ateri yake ilifungwa kwa muda kisha ikafunguliwa. Waliona kwamba baadhi ya dalili za uharibifu, ambazo huchukua muda mrefu kuonekana mshipa ukiendelea kuzibwa, zilijitokeza upesi zaidi damu iliporudi. Tangu hapo wataalamu wametambua madhara ya aina mbili: yale ya kukosa damu, na yale yanayoletwa na damu yenyewe inaporejea.

Nisieleweke vibaya. Sehemu ya mwili iliyokatiwa damu na isirudishiwe hufa bila shaka yoyote. Mgonjwa wa shambulio la moyo au wa kiharusi kinachotokana na mshipa kuziba hana budi kufikishwa hospitali mapema, ili mshipa ufunguliwe kama inawezekana. Ninachosema ni kwamba kuufungua mshipa ni mwisho wa taabu ya kwanza na mwanzo wa taabu ya pili. Anayeufikiria mshipa kama bomba hataielewa kamwe hiyo taabu ya pili.

Ukuta unaosikia

Ndani kabisa ya kila mshipa wa damu pana utando wa seli uitwao endothelia. Unene wake ni wa seli moja tu, nao unagusana na damu usiku na mchana. Zamani ulidhaniwa kuwa ni ngozi laini ya kuzuia damu isivuje, basi. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha kwamba bila utando huo, ateri ya sungura hailegei inapowekewa dawa ambayo kwa kawaida huilegeza. Utando ulikuwa unatoa kitu. Baadaye ilijulikana kwamba kitu hicho ni gesi ya nitriki oksidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Seli za endothelia husikia mambo mawili yanayotuhusu hapa. Husikia kiasi cha oksijeni, na husikia mwendo wa damu. Damu inapopita kwa mwendo wa taratibu usiokoma huusugua utando, na msuguano huo ni habari kwa seli. Kwa habari hiyo jeni moja iitwayo KLF2 hudumishwa katika kazi, nayo husababisha jeni nyingine kutengeneza vitu vinavyozuia damu isigande na kuzuia seli nyeupe zisinate ukutani. Mwendo ukikoma, habari hukoma. Kimya hicho nacho ni ujumbe.

Kuhusu oksijeni, upo utaratibu wa ajabu uliofichuliwa na Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Seli hutengeneza wakati wote protini mojawapo ya zile zinazounda kiamsha-jeni kiitwacho HIF-1, na wakati huo huo huivunja. Kuivunja kunahitaji oksijeni. Oksijeni ikiwapo, protini hiyo haidumu hata dakika kumi. Oksijeni ikipungua, kazi ya kuivunja hulegea, protini hujilimbikiza, huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni nyingi, zikiwamo zinazohusika na kuotesha mishipa mipya ya damu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini seli itengeneze kitu cha kutupa. Jibu ni kwamba anayeweka maji jikoni siku zote huuzima moto mapema kuliko anayesubiri moto uwake ndipo aende kisimani.

Dakika, saa, na siku

Sasa damu imerudi. Ni nini kinatendeka? Tutenganishe matukio kwa wakati wake, maana hapo ndipo kazi ya jeni inapojidhihirisha.

Katika dakika za kwanza, oksijeni inayoingia kwa ghafla katika seli zilizochoka huzaa aina kali za oksijeni zinazounguza mafuta na protini za seli. Pia endothelia hutoa nje protini iitwayo selektini-P, inayofanya kazi kama kulabu ya kunasia seli nyeupe za damu. Kulabu hizi zilikwisha kutengenezwa zamani na kuwekwa akiba katika vifuko vidogo, ambavyo Ewald Weibel na George Palade waliviona kwa hadubini ya elektroni na kuvieleza mwaka 1964. Kwa kuwa zimo ghalani, hazihitaji jeni kuamka. Ghala hufunguliwa tu.

Katika saa zinazofuata mambo hubadilika. Ndani ya seli ipo protini iitwayo NF-kappa B, ambayo wakati wa amani huwa imeshikwa na mlinzi wake nje ya kiini. Ishara za hatari zikifika, mlinzi huvunjwa, nayo NF-kappa B huingia katika kiini na kuamsha jeni zilizokuwa zimelala. Jeni hunakiliwa kuwa RNA, RNA husomwa, na protini mpya hutengenezwa. Miongoni mwa hizo ni selektini-E, ambayo haikuwa na akiba. Katika seli zilizokuzwa maabara, baada ya kupewa ishara ya hatari, selektini-E hufikia kilele chake baada ya saa nne hadi sita, kisha hupungua. Kulabu nyingine, ziitwazo ICAM-1 na VCAM-1, hudumu kwa muda mrefu zaidi. Seli nyeupe hunaswa, hupenya ukuta na kuingia katika nyama ya mwili, zikiwa tayari kupambana na adui ambaye safari hii hayupo. Silaha zao huwaumiza wenyeji.

Katika siku na majuma yanayofuata, jeni za ukarabati hushika zamu. Ukuta hujengwa upya, na pengine mishipa midogo mipya huchipua.

Yote haya yametendeka pasipo herufi hata moja ya urithi kubadilika. Jeni zilizokuwapo kabla ya damu kukatika ndizo zilizopo baada yake. Kilichobadilika ni zipi zinasema na zipi zimenyamaza.

Funzo la mioyo ya mbwa na ya sungura

Msomaji makini atauliza: je, kazi hii ya jeni huleta madhara tu? La, hasha. Mwaka 1986 Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer walifunga ateri ya moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakaifungua kwa dakika 5, wakarudia hivyo mara nne. Ndipo wakaifunga kwa dakika 40. Ungetazamia kwamba moyo uliosumbuliwa hivyo ungeumia zaidi. Kinyume chake, sehemu iliyokufa ilikuwa kama robo tu ya ile iliyokufa katika mbwa ambao hawakupitishwa katika mazoezi hayo.

Kinga hiyo hutoweka baada ya saa chache. Lakini mwaka 1993 vikundi viwili vya watafiti, kimoja kikitumia sungura na kingine mbwa, viliona kwamba kinga hurudi tena baada ya siku moja hivi. Kwa nini ipotee kisha irudi? Kinga ya kwanza hutumia vitu vilivyomo tayari katika seli. Kinga ya pili hungojea jeni ziamke na protini mpya zitengenezwe. Hapa mwanafunzi anaweza kuuona utendaji wa jeni kwa saa ya ukutani.

Uaminifu wa kisayansi unanilazimu niongeze jambo. Wataalamu walitumaini kwamba mgonjwa angeweza kukingwa kwa kukaza na kulegeza mara kadhaa mkononi mwake kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, ili moyo upate onyo kutoka mbali. Majaribio makubwa mawili yaliyotangazwa mwaka 2015 kwa wagonjwa wa kupasuliwa moyo, na jingine la mwaka 2019 lililohusu wagonjwa zaidi ya 5,000 wa shambulio la moyo katika Ulaya, hayakuonyesha faida iliyotarajiwa. Binadamu mgonjwa, mwenye umri mkubwa na dawa nyingi mwilini, si mbwa mwenye afya katika maabara. Napenda wanafunzi wetu waambiwe hilo pia. Sayansi inayofundishwa kwa ushindi wake tu huzaa washabiki; haizai wachunguzi.

Mwanafunzi aliye mbele yetu

Sasa nifikie kiini cha hoja yangu. Yupo mgonjwa ambaye damu yake hukatika na kurudi mara nyingi mno, naye hayuko mbali. Ni mwanafunzi mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nao. Katika ugonjwa huu, badiliko la herufi moja tu katika jeni ya himoglobini huzifanya seli nyekundu zikunjike kama mundu zinapopungukiwa oksijeni, zikaziba vijishipa vidogo. Kisha njia hufunguka, halafu huziba tena.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walipata katika damu ya wagonjwa hao seli za endothelia zilizobanduka ukutani, zikiwa bado zimebeba zile kulabu nilizozitaja. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba panya waliopandikizwa jeni ya selimundu, wakiwekwa saa chache katika hewa yenye oksijeni kidogo kisha wakarudishwa katika hewa ya kawaida, seli zao nyeupe hunata kwa wingi katika mishipa. Panya wa kawaida hawakupatwa na hayo.

Fikiri maana yake. Jeni yenye kasoro hufanya kazi katika seli zinazozaa damu nyekundu. Haifanyi kazi katika ukuta wa mshipa. Jeni zinazoamshwa ukutani ni nzima, ni zile zile tulizo nazo mimi na wewe. Sehemu kubwa ya mateso ya mgonjwa huyu hutokana na jeni njema zilizoitwa kazini mara nyingi kupita kiasi. Na kwa kuwa kazi ya jeni huchukua saa na siku, taabu haiishi pale maumivu makali yanapotulia. Madaktari wanajua kwamba ugonjwa wa hatari wa kifua huweza kumshika mgonjwa wa selimundu siku mbili tatu baada ya maumivu kuanza.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa mwalimu kijana aliwahi kumhukumu mwanafunzi wa namna hiyo. Kijana alirudi darasani Jumatatu baada ya siku nne za maumivu. Jumanne nilimwona ameketi kivulini wakati wenzake wanafyeka, nikamwambia mbele ya watu kwamba mtu aliyepona hufanya kazi. Alisimama, akachukua fyekeo. Usiku huo alipelekwa hospitali. Alipona, namshukuru Mungu, wala siwezi kusema kwamba fyekeo ndilo lililomwangusha. Lakini najua nilikosa wapi. Nilikuwa na picha ya bomba kichwani: limezibuka, basi twende kazi.

Picha ya jeni kama hati iliyofungwa nayo ina madhara yake. Humfanya mgonjwa na wazazi wake waseme, "Ndivyo alivyoandikiwa." Lakini kila mtu anayo jeni ya himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo hunyamaza baada ya kuzaliwa. Dawa ya haidroksiyurea huiamsha tena kwa kiasi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019, uliohusu watoto zaidi ya 600 katika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, na hata vifo. Mtoto hakubadilishiwa urithi wake. Jeni iliyolala iliamshwa.

Tufanye nini?

Najua nitajibiwa kwamba muhtasari wa masomo umejaa, na kwamba mtihani hauulizi mambo haya. Hoja hii ina uzito, wala sipendekezi kuongeza majina ya protini kwa wanafunzi kukariri. Nikiulizwa nichague, ningeondoa majina yote yaliyomo katika makala haya, nikabakiza fikra mbili: kwamba jeni hufanya kazi kila saa ya maisha, na kwamba ukuta wa mshipa ni kiungo hai.

Fikra hizo zaweza kufundishwa kwa kipindi kimoja. Kila mwanafunzi na abonyeze kiganja chake kwa kidole gumba kwa muda wa dakika moja, kisha aachie. Kiganja kinafaa kwa sababu rangi huonekana vizuri hapo. Asifunge kamba wala mpira kwenye kidole, kubonyeza kunatosha. Ataona weupe, kisha wekundu unaorudi, na mara nyingi wekundu huo huzidi ule wa awali kwa kitambo kidogo. Bomba likifunguliwa halipitishi maji mengi kuliko kabla ya kufungwa likakaa hivyo. Mshipa hupitisha, kwa sababu ulikuwa ukisikia na kujitanua wakati wa kufungwa.

Ndipo mwalimu aulize: je, tuliyoyaona ni kazi ya jeni kuamka? Wanafunzi wakumbuke hatua za kunakili RNA na kutengeneza protini, wakadirie muda wake, wailinganishe na saa. Watatambua wenyewe kwamba wekundu ule ulikuja upesi mno. Swali la mwisho liwe hili: kama mshipa ungefungwa kwa muda mrefu zaidi, ni mabadiliko gani yangeonekana jioni, na yapi kesho? Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo ameelewa jeni kuliko aliyechora miraba mia.

Na walimu wenzangu, tuanze na sisi wenyewe. Mwanafunzi mwenye selimundu akirudi darasani baada ya maumivu, tumpe maji ya kunywa, tumruhusu kupumzika, tusimpe kazi ngumu, na tutazame dalili za homa au kubanwa na kifua ili apelekwe hospitali bila kuchelewa. Damu yake imerudi, lakini ukuta wa mishipa yake bado uko kazini.